Dau lililokauka Moshi: usizibe nyufa kabla ya kuliloweka

Swali: Msomaji anayeishi Pasua, Moshi, anaeleza kwamba mwaka jana alinunua dau la mbao Pangani, lenye urefu wa futi 18, akalisafirisha kwa lori kupitia Segera na Same ili awe akisafiri kwa tanga katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Shughuli zilimzidi, na dau limekaa uani kwake miezi 9 chini ya banda la bati. Sasa mbao zimeachana kiasi kwamba sarafu ya shilingi 200 inapenya kati ya ubao na ubao. Seremala wa jirani amemshauri azijaze nyufa zote kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha alifunike dau zima kwa faibaglasi, na tayari madumu mawili ya rezini, gundi ya kugandishia faibaglasi, yamenunuliwa. Anauliza kama ushauri huo ni sahihi, na alitunzeje dau lake mwaka hadi mwaka akiwa mbali na bahari na mbali na mafundi wa vyombo.

Jibu: Ndugu yangu, nakuomba kazi hiyo isianze. Simdharau seremala wako, kwa maana ushauri wake ungefaa kwa mlango au kabati, na yeye amefundishwa kwamba ubao ukishakauka ndipo unapokuwa tayari kwa kazi. Mbao za dau ziliungwa zikitarajiwa kuishi na maji, na kwa jinsi ulivyoeleza, dau lako halijaharibika; lina kiu. Kiu hiyo inatibika kwa maji, magunia na subira ya wiki mbili au tatu, lakini ukiiziba kwa gundi ikiwa hivyo hivyo, utakuwa umeigeuza kuwa ugonjwa.

Ubao haubadiliki kwa urefu wake kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana hutanuka na kusinyaa kila unyevu unapobadilika, na ule uliopasuliwa kwa kufuata miviringo ya mti hucheza karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa mti. Pangani, dau lilikuwa linakunywa kutoka chini na kupumua hewa nzito ya pwani. Kwako limekaa chini ya bati, ambalo mchana wa Januari na Februari huwa kama tanuri, na mbao pande zote mbili za dau zimepoteza milimita moja hapa na mbili pale. Sasa zijaze nafasi hizo kitu kinachokauka kama jiwe, halafu ulishushe bwawani. Mbao zitaanza kunywa, zitataka kurudi upana wake wa zamani, na zitakuta nafasi imekaliwa. Ubao unaovimba hausukumiki nyuma, kwa hiyo kitakachoshindwa ni misumari, itakayovutwa kutoka mahali pake, au mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoshika mbao, yatakayokatika.

Kosa hilo nimewahi kulifanya nilipokuwa najifunza kazi, kwa mashua iliyokuwa imekaa nchi kavu msimu mzima. Tuliijaza saruji na lami, ikapendeza, tukaishusha siku ya Jumatatu. Alhamisi asubuhi nikiwa ndani yake nilisikia mlio mmoja mkavu, kama wa ukuni unaovunjwa juu ya goti, na nilipoinua mbao za sakafu nikalikuta taruma la tatu kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, limekatika katikati, ufa wake ukiwa bado mweupe. Kabla wiki haijaisha yalikatika mengine mawili. Kubadilisha mataruma matatu kulichukua muda mrefu kuliko kulowesha mashua kumi.

Kuhusu faibaglasi, kuna mambo mawili yanayoikataza kwenye dau lililojengwa kwa mbao zilizopangwa ukingo kwa ukingo. La kwanza, rezini ya kawaida inayouzwa kwa madumu haishiki vizuri kwenye ubao, na hasa ubao ambao kwa miaka umepakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa. La pili, ngozi hiyo ngumu haichezi na mbao zinacheza, hivyo hupasuka juu ya kila muungano. Maji ya mvua na ya ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, yakishaingia kati ya ngozi na ubao hayana pa kutokea, na ubao huoza gizani huku nje kukiwa kunang'aa. Mtumbwi uliochongwa kwenye gogo moja una habari zake, na boti iliyojengwa kwa plaiwudi na gundi tangu mwanzo vilevile, lakini hilo si swali lako.

Kabla ya maji, ukaguzi. Anza na mchwa, kwa sababu Moshi si Pangani, na dau lililowekwa juu ya magogo yaliyogusa udongo limewekewa daraja. Lala chini, upapase upande wa chini wa mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba dau zima, kwa vidole, ukitafuta mistari ya udongo mkavu inayopanda kutoka ardhini. Ukiikuta, ibomoe, kisha choma ubao kwa ncha ya kisu chembamba kila baada ya shubiri moja. Ubao mzima hukikataa kisu kwa ugumu uleule kila mahali. Ubao ulioliwa hukimeza. Uinue mkuku ukae juu ya mawe au matofali, mahali pasipopungua pane, kwa maana dau futi 18 likiegemea sehemu mbili tu hupinda mgongo polepole, na mgongo uliopinda haurudi.

Kisha ingia ndani, utoe mbao za sakafu zote, ufagie ngama mpaka uone mti mtupu. Wahenga walisema kwenda tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo) marejeo ni ngamani, na kwa mtunza chombo maneno hayo ni maelekezo ya kazi: maji yote, takataka zote na maradhi yote hurejea hapo. Gonga kila ubao na kila taruma kwa nyundo ndogo ya mti. Ubao mzima hujibu kwa sauti iliyo wazi na nyundo huruka kidogo mkononi. Ulioanza kuoza hujibu kwa sauti iliyoziba, kama unagonga muhogo uliochemshwa, na ukiinama utasikia harufu ya uyoga. Tazama hasa kitako cha mlingoti, mahali mbao zinapoungana na fashini, ule mti uliosimama kule tezi, na vichwa vya mataruma, kwa kuwa maji ya mvua hukaa hapo bila kuonekana. Palipooza pachongwe na kuwekewa kiraka cha mti wa aina ileile kama unapatikana, la sivyo mvule au msaji. Usikubali paina hata kama muuzaji anakuhakikishia imetiwa dawa, kwa sababu ni laini mno kwa misumari ya chombo.

Misumari yenyewe hujitambulisha kwa michirizi ya kutu. Mchirizi mmoja hauna neno; michirizi kwenye kila taruma ina maana misumari imechoka. Mpya isipigwe kwenye tundu la zamani. Ziba tundu hilo kwa kijiti kikavu kilichochovywa mafuta, toboa jipya kando yake kwa keekee, kisha uzungushie msumari nyuzi chache za pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla ya kuupiga, kama mafundi wa pwani wanavyofanya, ili maji yasifuate chuma kuingia ndani.

Sasa kulowesha. Chagua nyufa 6, tatu kila ubavu, mbili karibu na omo, mbili katikati na mbili karibu na tezi. Kwenye kila moja piga mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, ikiachana milimita 50 kamili, na uandike namba pembeni. Mistari hiyo ndiyo itakayokuambia kinachotokea, kwa sababu jicho hudanganywa na ufa uliojaa vumbi. Tandika magunia ya katani ndani ya dau, yafunike ngama na kupanda mbavuni, na mengine yaning'inize nje kutoka ukingoni mpaka chini. Yalowe asubuhi na jioni, yasikauke hata siku moja. Usilijaze dau maji kama pipa likiwa juu ya matofali: ndoo 20 za lita 20 ni kilo 400, na uzito huo ukiwa ndani huku nje hakuna maji ya kuusaidia kuubeba utaachanisha kile unachotaka kukutanisha. Vidole vitatu vya maji ngamani vinatosha, hata kama usiku vyote vitavuja. Mwaga vingine kesho yake.

Pima mistari kila jioni na uandike. Siku tatu za kwanza huenda usione badiliko, kisha milimita 50 itakuwa 49 na nusu, halafu 49, na miungano ya chini karibu na mkuku itatangulia ile ya juu. Vipimo vikisimama pale pale kwa siku tatu mfululizo, dau limekunywa kiasi ambacho magunia yanaweza kulinywesha. Nyufa nyingi zitakuwa zimefumba au kubaki nyembamba kama ukucha, na hizo zilizobaki ndizo za kalafati, yaani kuzibwa kwa pamba.

Wapo watakaokushauri utie chumvi ya mawe kwenye maji hayo, na hawakosei kwa upande wa kuoza, kwa kuwa kuvu haipendi ubao wenye chumvi. Lakini dau lako lina misumari ya chuma, na chumvi iliyokaa kwenye ubao wenye unyevu hula chuma mwaka mzima. Mimi nisingeitia.

Kwa kalafati nunua pamba ya kweli. Nasisitiza hili kwa kuwa kwenye masoko yetu sufi (ya mti wa msufi) na pamba huitwa kwa jina moja, nazo hazifanani katika kazi hii. Sufi ni nyepesi, inateleza na kukatika, haisokoteki ikashikana, na maji yanaweza kuisukuma nje ya muungano. Isokote pamba iwe uzi mnene kidogo kuliko ufa, uichovye kwenye sifa ukiipata kutoka Tanga, au kwenye mafuta ya nazi, ambayo usiku wa Juni na Julai pale Moshi huganda na hivyo lazima uyapashe moto kwanza. Ipigilie kwa chembeu butu, aina ya patasi, na nyundo ya mti, ukikunja uzi vitanzi vidogo vidogo mahali palipo pana. Mkono uwe mwepesi. Sauti itabadilika kutoka laini kuwa ngumu pamba inapokaa, na hapo uache. Anayeendelea kupiga baada ya sauti hiyo anaisukuma mbao itoke kwenye taruma. Pamba ikae ndani, ibaki nafasi ya milimita chache juu yake, na nafasi hiyo ijazwe deheni, ambayo ubao ukivimba itajikamua na kutoka nje bila kumuumiza yeyote.

Deheni ni shahamu na chokaa, na kwa hili Moshi na Arusha mna bahati kuliko pwani, kwa kuwa mafuta ya ng'ombe yamejaa kwenye mabucha. Yayeyushe kwa moto mdogo, yachuje, kisha korogea unga wa chokaa iliyokwisha kuzimwa mpaka iwe kama uji mzito. Chokaa hai usiiguse kabisa, itakuchoma macho na mikono. Jaza miungano, halafu paka sehemu yote inayokaa chini ya maji, deheni ikiwa vuguvugu, kwa kitambaa na mikono iliyovaa glovu. Ifanye kazi hii siku ya kushusha dau au mkesha wake, kwa sababu panya na mbwa wa mtaani wataifuata shahamu usiku kucha.

Siku ya kulishusha usitarajie safari. Lifunge ukingoni mwa bwawa kwenye maji yanayofika magotini, liachwe linywe na hata lijae, siku mbili au tatu, huku mtu akililinda na kulikumba maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kila asubuhi. Siku ambayo maji ya asubuhi yatakuwa nusu ya yale ya jana, utajua limeanza kushika. Ndipo upandishe mlingoti, na safari ya kwanza iwe ya kufuata ukingo, kila aliyemo akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha. Kabla ya kuanza kubeba watu, uliza pia ofisi ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kuhusu usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo, kwa kuwa maziwa na mabwawa nayo yamo katika kazi yao.

Baada ya hapo matunzo ya mwaka yanategemea jambo moja ambalo wengi hulichukua kinyume. Watu hudhani maji baridi ni salama na maji ya chumvi ndiyo adui. Nyumba ya Mungu itakuepushia yule mdudu wa baharini mwenye mwili kama mnyoo anayetoboa mbao, kwa maana hawezi kuishi katika maji baridi, na rangi za sumu za kumzuia hutazihitaji. Lakini chumvi ya bahari ilikuwa ikilizuia dau lako lisioze, na sasa ulinzi huo haupo. Ubao uliozama daima hauozi upesi kwa kuwa kuvu inahitaji hewa. Ubao mkavu hauozi kwa kuwa kuvu inahitaji maji. Unaooza ni ule ulio katikati, wenye unyevu zaidi ya takribani sehemu 20 kwa 100 na hewa ya kutosha. Kwa dau hilo ni mstari wa maji, ngama na kila pembe inayotunza mvua.

Kwa hiyo kila unaporudi nchi kavu, kumba maji yote, futa ngama kwa kitambaa, na uache sakafu imeinuliwa ili upepo upite. Zuia maji ya mvua yasiingie kwa turubai lililoinuliwa juu ya dau kama paa la hema, likiwa wazi omo na tezi. Turubai lililolala juu ya mbao hufuga ukungu. Kama ni lazima dau likae nchi kavu zaidi ya wiki tatu, lihamishe kutoka kwenye bati, liezekee majani makavu ya migomba, na ulitupie magunia yenye maji upande wa nje peke yake. Kivuli cha mwembe kinafaa pia, ila majani yanayoangukia ndani yatolewe kila juma, kwa sababu yakioza yanakuwa sponji. Upande wa nje juu ya maji paka rangi nyeupe au nyingine nyepesi, kwa kuwa rangi nyeusi hunyonya joto na kuikausha mbao hiyo hiyo uliyoihangaikia. Ndani usipake rangi ngumu. Paka sifa au mafuta ya linsidi mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Vitambaa vya linsidi usivikunje na kuviacha bandani, maana vinaweza kujiwasha moto vyenyewe: vianike wazi au uvizamishe kwenye ndoo ya maji.

Jihadhari na bwawa lenyewe. Maji ya Kikuletwa na Ruvu huliinua baada ya mvua, na mitambo ya umeme hulishusha, hivyo dau ulilolifunga likielea linaweza kukutwa limelala ubavu kwenye tope kavu. Mtafute mvuvi wa pale pale atakayekubali kulisogeza kadiri maji yanavyokwenda, na mlipane vizuri, kwa kuwa wiki mbili za jua la ukingo ule zitafungua miungano yote upya.

Tanga lisikunjwe likiwa na maji. La kitambaa cha pamba huota koga kwa siku chache tu, na la nailoni haliozi bali huliwa na jua, hivyo yote mawili yakaushwe kivulini na kutundikwa mahali panya hawafiki. Kagua mishono ya joshi, upande wa tanga unaokabili upepo, kwanza, kisha pembe. Kamba hukatikia pabovu, nawe unapajua pabovu pa henza, kamba ya kupandishia tanga: ni pale inapokaa ndani ya kapi tanga likiwa juu. Kila baada ya miezi mitatu ikate shubiri moja mwishoni ili sehemu nyingine ichukue zamu, na foromali, mti unaobeba tanga, ipapase pale inapofungwa henza, ukitafuta mti uliobonyea.

Ukilirudisha Pangani kwa likizo, hata kwa mwezi mmoja, yule mdudu wa mbao atakuwa amekusubiri. Huingia akiwa mdogo kuliko kichwa cha sindano na kukulia ndani, kwa hiyo tundu la nje halikuonyeshi ukubwa wa hasara. Paka deheni mpya kabla dau halijagusa maji ya chumvi, na wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi, maji yakitoka, waombe mafundi wa kule walichome upande wa chini kwa miale ya makuti na kulipaka tena. Ulirudishapo Moshi, lioshe kwa maji baridi mengi, hasa kwenye vichwa vya misumari.

Madumu mawili ya rezini, kama dukani hawayapokei tena, yatumie kutengenezea kasha la kuwekea nanga na maboya. Na ikifika siku ya 15 ya kulowesha ukaona mistari bado inasogea, au ufa wowote kati ya zile 6 haujafumba hata nusu, niandikie vipimo vyote kabla hujagusa chembeu.